Mashine Iliyomkataa Kabange

Niseme mapema, kabla ulimi haujaanza kunitafutia njia ya kutokea: kitu kimoja cha kijinga nilichofanya ni kufundisha mashine kucheka watu. Kuandika watu ilikuwa kazi yake. Kuwacheka niliongeza mimi. Mtu akitaja jina lake mbele ya meza, na jina hilo likiwa tayari limo kwenye orodha, mashine ilijibu kwa herufi kubwa: UMESHAANDIKWA, WACHA WOGA! Niliona huo ni mzaha wa karne. Nilicheka peke yangu siku nzima, mpaka dada yangu akauliza kama nimekula kitu kibaya.

Wadogo wangu wa mwaka wa kwanza, mimi ni mstaafu. Msiangalie umri. Nina miaka kumi na saba, bado ninavaa shati jeupe na suruali ya bluu kama nyinyi, na mwalimu wa hesabu bado ananifukuza darasani. Lakini miezi minane nilifanya kazi kweli, kila Jumanne na kila Jumamosi, na likizo nzima, katika biro, yaani ofisi, ya mashua pale bandarini. Mzee wa reli akistaafu wanamchinjia mbuzi. Mimi sikuchinjiwa hata kuku, na hata wangemchinja ningeona haya kushika paja. Sasa nimesikia mmoja wenu ataenda kukaa kwenye kile kiti changu chenye mguu unaocheza. Basi kabla hujakaa, soma.

Mwenye mashua ni Mzee Saleh. Babu zake walikuja kwa biashara ya ziwa, wakaoa hapa, wakabaki hapa. Kiswahili chake ni cha Kigoma kabisa, kimenyooka, hata akikutukana unahisi umebarikiwa. Mashua yake inakwenda Moba na kurudi. Anayekaa mezani kuandika wasafiri ni Ya Sifa (Ya ni heshima tu kwa aliyekuzidi umri, si ndugu yangu), dada mwenye kucha ndefu na subira fupi. Na pembeni, kwenye benchi, anakaa Papa Mulongo. Yeye alifanya miaka mingi kwenye simu za reli, zile za kuzungusha mkono, kuuliza stesheni ya Nyunzu kama njia iko wazi. Laini zilikuwa mbaya sana, kwa hiyo Papa Mulongo hakujifunza kusema taratibu. Akikuomba chumvi, mtaa wa pili wanaleta.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya zamani iliyotoka Kigoma ndani ya gunia la mchele. Ilikuwa dhaifu, haikuweza kubeba programu nzito, basi mpwa wa Mzee Saleh aliweka Linux, akaondoka, akatuachia skrini nyeusi na alama moja inayopepesa. Ya Sifa aliitazama kama mtu anayetazama kisima. Mimi nilikuwa nimejifunza shell, lugha ya kuamuru kompyuta kwa maandishi, kwa kitabu cha kuazima, nikajitolea. Nikaambiwa: fanya kitu kinachouliza jina, kinaandika, kinauliza lingine, mpaka watu waishe.

Hiyo ndiyo bukle, kitanzi cha kurudiarudia. Walimu watakuchorea mishale ubaoni. Achana na mishale. Bukle ni mama anayekuuliza "Umenawa mikono?" Ukijibu upuuzi, anauliza tena. Ukinyamaza, anauliza tena. Siku umenawa kweli, ndipo anakuacha ule. Kwenye shell unaandika *while true; do*, ndani yake unaweka *read* ili mashine ingojee mtu aandike, mwishoni unafunga na *done*. Rahisi kuliko kuchemsha yai.

Tatizo la yai ni kujua wakati wa kulitoa.

Bukle yangu ya kwanza haikuwa na mlango wa kutokea. Nilisahau. Nikampa Ya Sifa, nikaenda shule. Watu ishirini na sita wakaandikwa vizuri, foleni ikaisha, mashine ikauliza: *Jina?* Ya Sifa akaandika "imetosha". Mashine ikapokea. *Jina?* Akaandika "wacha". *Jina?* "Aksanti, imekwisha." *Jina?* "Mungu wangu." *Jina?* "Kyungu mupumbavu." Karatasi ikatoka hivyohivyo, na yule afisa wa bandari, mtu asiyecheka, akasimama kwenye daraja la mashua na kuita:

"Imetosha! Imetosha iko wapi? Wacha! Mungu Wangu, amepanda ao hajapanda?"

Nilipotoka shule Ya Sifa alikuwa ananingojea mlangoni na kiatu mkononi.

"Weye Kyungu! Umenipatisha haya bandari nzima!"

"Ya Sifa, uliandika mwenyewe."

"Na nani alifanya mashine isiyosikia 'imetosha'?"

Hapo alikuwa na haki. Usiandike mlango wa kuingia kabla hujaandika wa kutokea. Tuliweka nukta: ukiandika nukta peke yake, *break*, bukle inakatika, orodha inafungwa. Kwa nini nukta? Kwa sababu hakuna mama aliyewahi kumwita mtoto wake Nukta. Chagua alama ambayo hakuna mtu anaweza kuwa nayo kama jina. Hili lilinifurahisha, nikajiona nimefikiria majina ya watu wote wa duniani. Kumbukeni hapo nilivyojivuna.

Baadaye Ya Sifa alikula mandazi juu ya kibodi, kiwiko kikagusa Enter, tukasafirisha abiria kumi na saba wasio na majina. Nikaongeza: jina likiwa tupu, rudi uulize tena. Baadaye umeme ukakatika katikati ya foleni, na kwa kuwa nilikuwa ninaweka majina yote kichwani mwa mashine ili niyaandike pamoja mwishoni, yakaenda na umeme. Watu thelathini wakarudi kusimama upya kwenye jua, wakinitaja kwa lugha nne. Tangu siku hiyo kila jina linaandikwa kwenye faili palepale linapotajwa, kwa mishale miwili, *>>*. Mshale mmoja unafuta yaliyotangulia. Hilo nalo nilijifunza kwa njia mbaya, lakini tusimalize aibu zote kwa siku moja.

Papa Mulongo alikuwa akitazama haya yote kutoka kwenye benchi lake. Siku moja akaniita, kwa sauti iliyoamsha wapagazi.

"KYUNGU! MASHINE YAKO INAULIZA, LAKINI HAIRUDIE!"

"Inarudia, Papa. Njo bukle hiyo."

"INARUDIA KUULIZA. HAIRUDIE JIBU!"

Akanieleza kazi ya simu ya reli. Njia ni moja, treni ni mbili. Unauliza Nyunzu: treni imetoka? Nyunzu anajibu. Huandiki bado. Unamrudishia jibu lake neno kwa neno, naye anasema "njo hivyo", yaani ndivyo. Akisema hapana, unaanza upya, hata mara kumi, hata kama mkubwa wako anakufokea nyuma ya shingo. Ni yule aliyejibu ndiye anayekuruhusu kuandika. Uchovu wako haumaanishi kwamba yeye amemaliza kusema.

"Na akiwa Kabange," akaongeza, "UNAULIZA KABANGE WA NANI. Akiwa Kyungu, Kyungu wa nani. Wa mama nani. Hapa mapasa ni wengi." Mapasa, yaani mapacha.

Nikamwambia ndiyo Papa. Kisha nikamwigiza nyuma ya mlango, mkono sikioni, "NYUNZU! NYUNZU! CHUMVI IMETOKA?", na Ya Sifa akacheka mpaka kucha ikavunjika. Sikubadilisha kitu. Kurudia kila jibu? Foleni ile?

Kwa foleni ileile nilikuwa nimeshapunguza majina. Mwanzo mashine iliuliza matatu, kama shuleni. Watu wakalalamika, wako na mizigo kichwani, watoto mgongoni. Nikabakiza jina moja, lile mtu anaitwa nalo.

Halafu kukatokea tabia hii: watu wanaogopa kuachwa. Mtu anajiandikisha mezani, anatoka, anaona foleni bado ndefu, roho inamdunda, anarudi kujiandikisha tena. Wengine mara tatu. Orodha ikawa na watu hamsini na mashua ina watu arobaini. Mzee Saleh akaniambia, kwa upole wake ule wa kukata:

"Mwanangu, mashua yangu haibebi vivuli. Nisafishie orodha hii."

Nikaisafisha. Mistari minne tu. Kabla ya kuandika jina, mashine inatafuta kwenye faili. Ikilikuta, haiandiki, inatoa ule mzaha wangu, halafu *continue*, yaani rudi juu, uliza jina la mtu mwingine. Ya Sifa akaupenda mzaha, akawa anausoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watu wakawa wanacheka. Mzee Saleh akaona orodha imenyooka, akanipa soda. Nilikuwa mfalme wa bandari.

Sasa sikilizeni upumbavu wenyewe, kwa sababu mgeni angekosea hivi angesamehewa, si mimi. Mimi ninaitwa Kyungu kwa sababu nilitangulia kutoka. Aliyenifuata dakika chache baadaye ni dada yangu, naye ni Kabange, kama kila pasa wa pili katika kila nyumba ya watu wetu kutoka hapa mpaka Manono. Darasani kwetu Kyungu ni watatu. Nilikaa miezi tisa ndani ya tumbo moja na Kabange, tukipigana mateke, halafu nikatoka nikaandika bukle inayoamini kwamba duniani kuna Kabange mmoja tu.

Ilikuwa Jumanne. Asubuhi mapema alipita mzee mmoja, fundi seremala, ndevu nyeupe. "Kabange," akasema. Akaandikwa, akapanda. Foleni ikaenda. Karibu na mwisho akaja kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sanduku la bati mkononi. Alikuwa anakwenda kuanza kazi ya ualimu kijiji kimoja upande wa Moba. Nyuma yake mama yake, muuza ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, mtu wa Ankoro aliyehamia hapa zamani. Tulimjua wote. Pasa wake wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Huyu wa pili ndiye aliyebaki, kwa hiyo mama huyo tulimwita Mama Kabange.

"Jina?" Ya Sifa akauliza.

"Kabange."

Akaandika. Mashine ikajibu. Ya Sifa akajinyoosha, akasoma: "Umeshaandikwa, wacha woga!"

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu anaogopa maji!"

Kijana akatabasamu, akainamisha macho kwa haya. "Dada, miye sijajiandikisha. Njo nafika sasa."

Ya Sifa akanitazama. Nilikuwa nimesimama pale, mikono kiunoni, bosi. Na mimi, mimi mwenyewe, si mashine, nikasema:

"Mashine haidanganyi, mwalimu. Panda!"

Wakacheka tena. Hata mama yake alicheka kidogo, mkono mdomoni, akamsukuma mgongoni: "Enda, papa, watu wanangojea." Akapanda. Nikachapa karatasi: majina thelathini na nane. Kapiteni akaikunja mfukoni. Hakuhesabu vichwa, alikuwa na karatasi, na karatasi ilitoka kwenye mashine, na mashine ilikuwa na sifa.

Kesho yake, ikiwa bado likizo, nikaenda biro. Nikakuta watu mlangoni. Mashua haikufika Moba. Simu za kapiteni hazikupatikana. Ndugu za wasafiri wakajaa, wengine wamekaa chini na miguu imenyooka, jinsi watu wanavyokaa wakati habari ni mbaya lakini haijatajwa.

Karibu saa nne simu ya Mzee Saleh ikalia. Kapiteni. Mota ilikufa jioni, mawimbi yakawasukuma, alfajiri wakagonga mawe karibu na kijiji fulani. Wavuvi wamewatoa kwa mitumbwi. Watu wako ufukweni, wamelowa, wametawanyika kwenye nyumba za watu. Karatasi yake imekuwa uji. Anaomba asomewe majina ili aite, ajue kama wote wametoka.

"Msomee," Mzee Saleh akaniambia, akaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

Nikasoma kutoka kwenye skrini. Mimi ninataja, kapiteni anapaza sauti kule, mtu anajibu kutoka mbali, na hapa kwetu mama mmoja anaanguka kwenye bega la mwenzake. Nikafika.

"Kabange!"

"Kabange!" kapiteni akaita.

"Niko!" Sauti nzito, ya kifua.

Nikaendelea. Thelathini na nane waliitwa, thelathini na nane waliitika. Vigelegele vikapanda, Ya Sifa akalia kucha zake zote usoni, Mzee Saleh akashukuru Mungu kwa Kiarabu. Katikati ya kelele hiyo Mama Kabange akasogea mezani.

"Mzee Saleh, ile sauti haiko ya mutoto wangu."

"Mama, amelowa maji usiku kucha. Sauti hubadilika."

"Sauti inabadilika, lakini hii ni ya mutu mukubwa. Uliza."

Akauliza. Kapiteni akajibu kwamba Kabange aliye naye ni mzee seremala, ndevu nyeupe. Kijana? Hapana. Orodha inasema Kabange mmoja, na mmoja yuko.

"Mama yangu," Mzee Saleh akasema, "basi kijana wako hakupanda. Shukuru Mungu."

"Alipanda. Niliona mugongo wake unaingia."

Bwana mmoja, kwa kutaka kumfariji, akasema, "Mama, vijana hawa! Atakuwa alishukia upande mwingine. Sasa hivi amelala mtaa wa Kataki kwa rafiki yake."

Mama Kabange akawatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akafunga kitenge vizuri kiunoni na kuondoka haraka kwenda Kataki kumtafuta mtoto ambaye mimi nilijua hayuko Kataki.

Nilijua. Hapa ndipo ningependa niwaambie sikuelewa bado. Nilielewa palepale mzee alipoitika "Niko". Watu thelathini na tisa walipanda, na wa thelathini na tisa ni mimi niliyemwambia panda. Kule ufukweni hakuna aliyekuwa anamtafuta, kwa sababu orodha ilikuwa imetimia.

Ilitosha kusema neno moja. Simu ilikuwa palepale juu ya meza, bado ina moto.

Nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kusafisha kibodi. Nikajiambia labda kweli yuko Kataki. Nikajiambia labda alishuka. Nikafikiria uso wa Mzee Saleh, na soda ile. Halafu, wadogo wangu, nikafungua script yangu, ile programu niliyoandika, na kufuta mstari wa mzaha. Ili mtu akija kutafuta kosa, asikute kicheko. Nikahifadhi, nikafunga, nikarudi kwenye mswaki. Saa ya ukutani ilizunguka saa nzima. Papa Mulongo alikuwa kwenye benchi, akisikiliza redio ndogo, na kila alipokohoa nilidhani ananiita.

Mama Kabange akarudi na vumbi mpaka magotini. Hakwenda kwa Mzee Saleh. Alikuja kwangu. Akainama mbele ya meza, yeye mama mzima, akaniita jinsi mama wa hapa anavyomwita mtoto anayemheshimu:

"Papa, samahani nakusumbua na kazi yako. Angalia tena mu mashine. Pengine yeye iko ndani lakini amejificha. Weye njo unaijua."

Sikuweza kumtazama. Nikasema kwa kibodi:

"Mama, alipanda. Mashine ilimukatala."

"Unasema nini?"

"Alitaja jina, mashine ikaona kuna Kabange mwingine, ikamukatala. Yeye haiko kwenye orodha, lakini alipanda. Miye njo nilimwambia apande."

Wa kwanza kusimama alikuwa Papa Mulongo. Alivuka chumba, akachukua simu kutoka mkononi mwa Mzee Saleh bila kuomba ruhusa, akapiga.

"KAPITENI! WATU NI THELATHINI NA TISA! RUDIA!"

"...Thelathini na nane, Papa, wote wa..."

"HAPANA! THELATHINI NA TISA! RUDIA!"

"Thelathini na tisa."

"KABANGE WAWILI! MMOJA KIJANA, SHATI JEUPE! RUDIA!"

"Kabange wawili. Mmoja kijana. Shati jeupe."

"NJO HIVYO! RUDISHA MITUMBWI!"

Hakuna bukle niliyoandika mimi iliyofanya kazi vizuri kama ile.

Tulingoja mpaka jua lilipokuwa linaelekea upande wa milima. Mama Kabange hakukaa. Alisimama ameshika ukingo wa meza yangu, na vidole vyake vilikuwa karibu na vyangu, na bado vilinuka ndakala. Simu ikalia. Wamempata. Mawimbi yalimtupa nyuma ya mwamba mkubwa, upande ambao mitumbwi haikupita, mguu umebanwa kati ya mawe mawili, maji yanakuja na kurudi kifuani. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikaisha. Mzima. Lakini mguu.

Mguu ule leo unatembea na fimbo. Anafundisha, ndiyo, watoto wanampenda. Muuguzi wa kijiji alisema umebanwa muda mrefu mno, na hawezi kujua ni lini hasa uliharibika, kama ni alfajiri au baadaye. Kila mtu anasema hawezi kujua. Nami siwezi kujua. Ndiyo maana ninaihesabu ile saa kila siku.

Na kinachoniumiza zaidi ni sifa. Mzee Saleh alinishika kichwa mbele ya watu: "Huyu mtoto ana akili na ana ukweli. Amekosea, lakini amekumbuka, amesema." Amekumbuka! Mama Kabange alinikumbatia, akalowesha shati langu lote, akisema Mungu anibariki nilivyomwokolea mtoto. Nilisimama kama mti. Papa Mulongo peke yake hakunisifu. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kitu taratibu:

"Ulijua tokea saa ngapi?"

Nikachukua tena ule mswaki. Hakuuliza tena.

Kabla sijaacha kazi nilibadilisha script, na atakayekirithi kiti aiache hivyo. Jina likijirudia, mashine haikatai tena. Inauliza: *Wa mama nani?* Kisha inarudia jibu lote mbele ya mtu, Kabange wa mama fulani, njo hivyo? Na bukle ya ndani inazunguka hapo hapo, haitoki, mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Foleni imekuwa ndefu. Watu wanalalamika. Waacheni walalamike. Na mwishoni Ya Sifa anahesabu vichwa kwa kidole, kwa sauti, na namba ya vichwa ikipishana na namba ya mashine, mashine ndiyo yenye kosa mpaka ijitetee. Jina lililojirudia si lazima liwe kosa la mtu. Mara nyingi ni mtu wa pili.

Jioni ya siku ile kijana alipopatikana, nilimkuta mama yangu uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, dada yangu Kabange anachambua majani pembeni. Habari ilishafika, tena imepambwa: Kyungu wa Mama Mapasa ameokoa mtu ziwani. Mama alikuwa anatwanga kwa furaha, unasikia kwenye mchi. Alinitengea kiti. Sikukaa.

Nikamwambia yote. Mzaha, foleni, "mashine haidanganyi". Hapo mchi uliendelea. Nikamwambia kuhusu ile saa. Mswaki, mstari niliofuta, mama wa watu anakwenda Kataki kwa miguu na mimi ninamwona dirishani. Mchi ukasimama. Dada yangu akaacha majani, akaingia ndani bila kuambiwa, naye huwa hakosi neno la kunicheka.

Nililia, ninakiri, kwa sauti mbaya kama mbuzi. Nikasema, mama, weye peke yako njo unajua, sijamwambia mutu mwingine, na sasa nimekuambia roho imepoa kidogo. Nilitaka anishike kichwa kama Mzee Saleh. Au anipige, nalo lingenitosha.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipangusa mchi kwa kiganja, akausimamisha ukutani, na hivi ndivyo alivyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Kuambia miye ni rahisi, miye njo nilikuzaa. Kesho asubuhi, mbele ya kunywa chai, utaenda kwa Mama Kabange, umwambie ile saa yote."